Shakwe Wangu na Kopo la Shukrani

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Upepo wa kugeuza mwavuli nje ndani. Nimefika kwenye klabu yetu ya wafanyabiashara saa moja kasoro tano asubuhi, wa kwanza, kama kawaida ya mtu makini. Tuko ishirini, kila mtu na biashara yake, na biashara moja haiwi na watu wawili. Daktari wa meno mmoja, fundi piano mmoja, mzikaji mmoja. Mimi ndiye wa shakwe, wale ndege weupe wa baharini. Nawafukuza kwenye mapaa ya watu kwa miiba, nyavu na kunguru wa plastiki. Nikapewa dakika yangu ya kujieleza, nikasema mji huu una mafuta chini ya bahari na shakwe juu ya paa, na mafuta tayari yana watu wa kuyashughulikia. Hakucheka mtu. Wiki iliyopita pia hawakucheka.

Mbele ya kila kiti kuna kopo la dagaa, kwa sababu jengo letu zamani lilikuwa kiwanda cha dagaa wa makopo. Ukipata mteja kupitia mwenzako, unaandika kadi ya njano ya shukrani na kuitumbukiza kwenye kopo lake. Kopo la Eilif, daktari wa meno, limejaa mpaka kadi zinachungulia. Langu lina kifungo cha koti, na hicho nilikiweka mwenyewe kilipokatika.

Ingebjørg, mkuu wa klabu, ambaye ndiye mzikaji, alipiga kikengele chake na kutukumbusha kwa ile sauti yake ya msibani. Jumatano ya kwanza ya Juni makopo yatapinduliwa mbele ya wote. Ambaye hajapata hata kadi moja tangu Pasaka atainuka kitini, na aliye wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri atakaa. Wote tukageuka kutazama kigoda cha mlangoni. Hapo huketi Audhild Risa, muuza helmeti za kazini. Mgeni wa kila wiki. Anatabasamu, anakunywa kahawa yetu, na leo nimemwona akikitazama kiti changu kama anayepima pazia.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Kampuni ya mafuta iliniaga kwa keki baada ya miaka ishirini na miwili. Tangu siku hiyo, ni kwenye kile kiti tu, cha saba kutoka dirishani, ambapo kuna mtu ananiambia habari za asubuhi akitaja jina langu. Mke wangu Turid nimemwambia kopo linafurika. Siwezi kurudi nyumbani nikamwambia nimeinuliwa.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimepata. Nilikuwa napiga mswaki.

Shida si mimi. Shida ni paa la klabu. Halina shakwe hata wa dawa. Watu wanakaa chini yake wanakula samaki wa moshi kwa raha zao, halafu mimi nasimama kuwaelezea adha ya shakwe. Nani ananunua mwavuli wakati wa jua? Lazima kwanza wanyeshewe. Wakishanyeshewa watanikimbilia wote kumi na tisa, na kadi zitakuwa kumi na tisa.

Mpango mzuri kabisa. Nimeshangaa kwa nini sikuufikiria mapema.

Jumatano, 29 Aprili

Zamu ya chakula ilikuwa ya fundi piano. Skonzi za iliki, kamba wa baharini, jibini ya kahawia. Mkutano ulipokwisha nikasema kwa unyenyekevu kwamba nitasafisha meza mimi, wao waende kazini. Ingebjørg aliguswa. Alisema mbele ya wote kwamba huu ndio moyo wa msaragambo uliowajenga wazazi wetu, na siku hizi umekuwa adimu. Wakanipigia makofi. Audhild naye akapiga, kisha akainuka kunisaidia kukusanya sahani. Nikamwambia hapana, dada, wewe mgeni, kaa. Ilibidi nimwambie mara tatu.

Skonzi kumi na mbili, nusu kilo ya kamba. Vyote mfukoni, kisha ngazi ya chuma, kisha juu ya paa. Paa ni tambarare, lina kokoto, zuri ajabu kwa ndege. Nikamwaga. Alikuja shakwe mmoja, jike kubwa lenye macho ya mkaguzi. Akala skonzi, akanitazama, akala nyingine. Tumeelewana.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda kila siku. Sasa wako kumi na wanne. Wakiniona tu nafungua mlango wa paa wanaanza kelele za furaha. Hakuna mtu aliyewahi kunipokea hivyo, hata nilipokuwa natoka kwenye jukwaa la mafuta baharini baada ya wiki mbili.

Turid ameuliza kwa nini koti langu linanuka iliki na samaki. Nikamwambia ni biashara imechanganya. Akasema, "Haya, Torfinn," kwa namna yake ile ambayo siipendi.

Jumatano, 6 Mei

Siku kubwa. Ingebjørg ameingia akiwa amechelewa dakika nne, jambo ambalo halijapata kutokea. Gari lake la maiti, lile jeusi analoling'arisha kwa mkono, limechafuliwa na shakwe tangu boneti hadi nyuma. Alikuwa na maziko saa tatu. Fundi piano naye kanyang'anywa mkate mdomoni pale mlangoni. Watu wananung'unika. Nikatulia. Nikamenya yai langu.

Ingebjørg akanigeukia. Akasema, "Torfinn, hili si eneo lako wewe?"

Hapo ndipo unapomjua mfanyabiashara aliyekomaa. Mtu wa kwetu harukii kazi kama paka anayerukia bakuli. Ukionekana una njaa, watu wanaona aibu kwa niaba yako. Kwa hiyo nikatoa kalenda yangu, ambayo haina kitu, nikaigeuza kurasa kwa muda, nikapumua. Nikasema wiki hii nimebanwa sana, lakini Jumatatu ijayo ningeweza kujipenyeza. Wakatazamana kwa heshima. Eilif akanong'ona kwamba hakujua niko na kazi nyingi namna hiyo.

Nimetoka nje najisikia mrefu. Shakwe wawili wamenisindikiza hadi kituo cha basi.

Jumatatu, 11 Mei

Nimepanda na miiba boksi tatu, nyavu na kunguru wa plastiki. Nimemkuta Eilif juu ya paa.

Nilikuwa sijui kwamba Eilif ni mtu wa ndege. Amelala kifudifudi kwenye kokoto, na darubini, na chupa ya chai, akaniashiria ninyamaze. Akasema kwa machozi ya furaha kwamba kuna viota tisa, vyote vina mayai. Yule jike mkubwa kampa jina la Borghild, la marehemu shangazi yake. Akasema ni ajabu ya mwaka, hawajawahi kutaga hapa, lazima kuna chakula kizuri karibu. Kisha akasema nisijali, ameshapiga simu ofisi ya mazingira na kuwaandikisha wote.

Nimepiga mwenyewe kuhakikisha. Afisa alikuwa dada mpole sana. Alinieleza taratibu kabisa, kama anayemsomea mgonjwa, kwamba kiota chenye mayai hakiguswi, hakifukuzwi, hakitishwi, mpaka makinda yaruke. Nikauliza ni lini hiyo. Akasema mwisho wa Julai. Nikauliza kama kunguru wa plastiki anahesabika kuwa ni kutisha. Akasema ndiyo, ndiyo kazi yake.

Yaani wiki iliyopita ningeweza. Wiki iliyopita kulikuwa hakuna yai hata moja. Nilikuwa nageuza kurasa za kalenda tupu.

Nimeshuka na miiba yangu. Borghild amenifuata akidai skonzi.

Jumatano, 13 Mei

Ndege mwenye mayai ni kiumbe mwingine. Leo kila anayekuja mlangoni anashukiwa kutoka juu. Mhasibu ameingia na jeraha kwenye paji la uso. Fundi piano amekuja kajifunika sufuria. Ingebjørg alitangaza kwamba sheria ni sheria, tutavumilia hadi Julai, na kwamba inasikitisha, maana Torfinn alikuwa tayari kutusaidia ila kazi nyingi zilimbana. Wakanitazama kwa huruma. Huruma haiingii kwenye kopo.

Ndipo Audhild akainuka kwenye kigoda chake. Hakutoa hotuba. Akasema tu kwamba ana helmeti chache kwenye gari, kama kuna anayehitaji.

Kumi na tisa! Kwa dakika kumi! Nyeupe, za njano, na moja nyeusi kwa ajili ya Ingebjørg, ya maziko. Mkutano wote ukaendelea wamevaa, kama tuko jukwaani katikati ya bahari. Eilif alinunua ya bluu na akasema Borghild hataudhika. Wengine wakaagiza za wafanyakazi wao.

Mimi sikununua. Mtu ana heshima yake. Nikatoka kichwa wazi, na wote wakasimama dirishani kutazama nitakavyodonolewa.

Sikudonolewa. Borghild alitua begani kwangu akanipekua kola.

Jumapili, 17 Mei

Sikukuu ya taifa. Bendera, bendi, watu wamevaa mavazi ya mababu. Klabu yetu iliandamana nyuma ya bango letu kwenye maandamano ya wananchi, na mimi nilipewa kushika mti wa kushoto. Heshima kubwa. Turid alikuwa pembeni ya barabara na dada zake, akipunga kibendera. Nilikuwa nimevaa sufu, vifungo vya fedha, soksi ndefu. Nilijua nimependeza.

Mbele ya kanisa kuu nikasikia sauti. Sikugeuka. Nikajiambia ni tarumbeta.

Walikuja wote, pamoja na ndugu na jamaa zao. Bendi ikavunjika kuanzia kwa wapiga filimbi. Wanaklabu wakakimbilia chini ya vibanda vya soseji, bango likaanguka upande wa kulia, nikabaki peke yangu nimeshika mti wangu, na shakwe thelathini wametulia kunizunguka barabarani wakisubiri. Mmoja alikuwa juu ya kofia yangu. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyo jamaa anawafuga."

Nilimtafuta Turid kwa macho. Alikuwa ameshusha kibendera. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayejumlisha vitu kichwani, iliki, samaki, koti, na anakaribia kupata jibu.

Nikasema ni vazi. Sufu huwavutia. Nadhani wengi waliamini.

Jumatano, 20 Mei

Hawakuamini sana. Ingebjørg aliuliza, kwa adabu, kwa nini klabu nzima inadonolewa isipokuwa mimi. Nikasema ni uzoefu wa kikazi, wananiheshimu. Fundi piano akasema kama shakwe wanaweza kumheshimu mtu hivyo, na yeye anataka afundishwe.

Lazima nifanane na wengine. Nimemfuata Audhild kwenye gari lake na kununua helmeti. Ya njano. Alinipima kichwa kwa kamba, polepole, kisha akasema, "Wewe kaka, hii ya nini?" Nikasema kwa usalama. Akasema haya.

Nilipotoka nimeivaa, Borghild akatua juu yake taratibu, akajikunja, akafumba macho. Nilivuka maegesho yote hivyo. Audhild hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatano, 27 Mei

Nimeacha kulisha. Kopo tupu, bado wiki moja. Nimemwomba Eilif aniandikie kadi. Akauliza kwa lipi. Nikasema kwa urafiki. Akasema urafiki anao, ila kadi ni ya kazi, asije akavunja utaratibu. Watu wa mji huu bwana, wangemwona mwenzao anazama wangetafuta kwanza fomu ya kuazima boya.

Shakwe wana njaa. Sasa wanakuja nyumbani. Asubuhi hii kumi na mmoja walikuwa kwenye uzio wetu wamejipanga. Turid alinywa kahawa yake akiwatazama. Akauliza kama kopo bado linafurika. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 2 Juni

Audhild amenipigia simu tuonane bandarini. Nikaenda kifua mbele, nikidhani anataka kuomba radhi kwa kukitamani kiti changu.

Kumbe anajua. Tangu siku ile ya kwanza. Alipotaka kunisaidia sahani aliona mikia ya kamba ikitokeza mfukoni mwangu. Nikakana. Wakati nakana, shakwe alikuwa ananivuta kamba ya kiatu.

Akasema hakuja kunitisha. Akasema ameuza helmeti mia mbili na sita mtaa ule, na hilo amelipata kwangu, apende asipende, kwa hiyo kwa taratibu za klabu ana deni la shukrani kwangu. Asubuhi ya kesho ataweka kadi kwenye kopo langu. Kadi halali. Nitabaki kitini, yeye atabaki kigodani hadi msimu mwingine.

Nikamwuliza anapata faida gani. Akasema hakuna, ila amekaa mlangoni miezi minane, na kila Jumatano ananiona nikifika wa kwanza na kukipangusa kile kiti kwa leso. Hataki kukaa kwenye kiti cha mtu anayekipenda hivyo. Kisha akasema jambo moja zaidi. Makinda yakisharuka, mwezi Agosti, kila mwenye paa aliyenunua helmeti atahitaji miiba, naye atawaambia wote jina langu. "Wewe subiri tu, Torfinn," akasema. "Usifanye kitu."

Nilimshukuru. Nikapangusa macho, nikasingizia upepo.

Lakini nimerudi nyumbani nimefikiri. Mtu haachi kiti bure. Kuna mtego hapa.

Jumatano, 3 Juni



Wote tumevaa helmeti. Makopo yakapinduliwa moja moja, kuanzia dirishani. Ikafika zamu yangu. Kikaanguka kifungo. Halafu ikaanguka kadi ya njano. Ukumbi ukaguna. Ingebjørg akavaa miwani, akasoma: Shukrani kwa Torfinn Eikeland, kwa kuniletea wateja mia mbili na sita. Audhild.

Kisha makofi, ya kweli, marefu. Eilif akanipiga bega. Nilikuwa nimeokoka. Ningekaa kimya sekunde tano tu.

Ingebjørg akasema hii ni rekodi ya klabu, akaniomba nisimame niwaeleze nilifanya nini.

Hapo nikauona mtego. Nikieleza, nimekwisha. Basi nikafanya kile anachofanya mtu wa kwetu akisifiwa. Nikasema aa, mimi, sikufanya kitu. Wakatabasamu, wakapenda. Ingebjørg akasema acha unyenyekevu, lazima ulifanya jambo. Nikasema hapana, kwa kweli, hata kidole sikuinua. Akaniuliza mara ya tatu, na sasa alikuwa ameshika kalamu ya kumbukumbu. Uliwaelekeza wateja kwa Audhild? Nikaona nimalizie vizuri. Nikasema wateja wale siwajui, sijawahi kumtajia mtu helmeti, na kama kuna anayesema vinginevyo anakosea.

Audhild alikuwa ananitikisia kichwa kutoka mlangoni. Nikadhani ananitishia.

Ingebjørg akavua miwani. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba kadi ni ya kazi iliyofanyika, na mwenyewe mwenye kadi ameshuhudia mara tatu kwamba haikufanyika. Akasema uaminifu wangu ni fahari ya klabu. Akasema katika miaka yake yote hajaona mtu akisimama akakataa kadi inayomwokoa. Wakasimama wote kunipigia makofi. Kisha wakaniomba niinuke.

Audhild hakutaka kukaa. Alilazimishwa na katiba. Nilikipangusa kwanza kwa leso, nikampa. Kifungo nikachukua.

Alhamisi, 4 Juni

Nimemwambia Turid. Nilianza na maneno mengi, akanikatisha. Alijua habari za kopo tangu Aprili. Fundi piano hupanda ile boti ya abiria ambayo Turid ndiye mkata tiketi wake, na anaongea sana. Nikauliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa unatoka nyumbani kila Jumatano unapiga mluzi, mume wangu. Ningesema nini?"

Tukakaa. Akachukua kile kifungo akakishona kwenye koti, linalonuka bado. Akasema kiti si kitu. Akasema Agosti si mbali, kazi aliyoniahidi Audhild ni kazi ya kweli, miezi miwili nipumzike nimsaidie kupaka rangi nyumba ya mashua. Nilimshika mkono. Nililia kidogo, na sioni aibu kuandika.

Ana busara yule mwanamke. Kusubiri tu, bila kufanya kitu.

Jumatano, 10 Juni

Kigoda cha mlangoni si kibaya. Mtu anaona wote kutoka pale. Audhild ameniletea kahawa mwenyewe, na Ingebjørg amenisalimia kwa jina. Niko wa kwanza kwenye orodha. Makopo yanapinduliwa tena Novemba.

Lakini nimetafakari nilipokosea, na nimepata. Nilipokosea ni ndege. Ndege wana sheria. Na Agosti kwa kweli ni mbali, watu watakuwa wamenisahau.

Wakati wa kahawa Ingebjørg alikuwa anaongelea bustani yake, ambayo anaipenda kuliko watu walio hai. Maua, saladi, stroberi zake zilizoanza kuwa nyekundu. Hajapata kuona konokono hata mmoja mwaka huu, alisema. Wale wakubwa wa kahawia, wasio na gamba, wanaomaliza kila kitu. Kila mmoja mezani ana bustani. Na klabu haina mtu wa konokono.

Nimepiga simu ofisi ya mazingira kuuliza kama konokono wanalindwa. Yule dada mpole akasema hapana, hawalindwi kabisa. Kisha akauliza kama ni mimi tena.

Turid amenikuta uani naosha ndoo mbili. Nimemwambia ni za rangi.